Gari la zamani likitetemeka na kusita: pima kwanza, nunua baadaye

Wengi wenu mlisikia, na wengine mlisukuma kwa mikono yenu, usiku ule gari la kikundi chetu liliposimama kwenye kilima cha kwanza cha njia ya Cyanzarwe. Ndani alikuwemo mama aliyekwisha kuanza uchungu. Gari halikufa ghafla. Kwanza lilitetemeka pale dereva alipopunguza mwendo ili kupisha pikipiki. Alipokanyaga mafuta ili lipande, lilisita, likakohoa mara mbili, likazimika. Vijana walilisukuma mpaka juu, likawaka kwa kuteremka, na dereva akafika hospitali ya Gisenyi bila kuthubutu kuondoa mguu kwenye mafuta. Mtoto alizaliwa salama. Sasa anatambaa.

Jambo ninalotaka kuwaeleza ni hili: ugonjwa uliolisimamisha gari usiku ule ulikuwepo kwa miezi mitatu, na tulikuwa tumeulipia mara mbili bila kuupata. Mara ya kwanza tulinunua plagi mpya nne. Mara ya pili tulichanga fedha za kabureta iliyotumika, kwa sababu fundi mmoja wa mjini aliitazama injini ikitetemeka, akasema, "Kabureta imekufa." Hakufungua kitu. Na sisi hatukumwuliza kitu. Mwishoni ilionekana kwamba ni mpira wa hewa uliopasuka. Urefu wake hauzidi shubiri moja, na bei yake haikufika bei ya sahani ya ugali na sambaza.

Mimi si fundi, ni mhamasishaji wa jamii. Aliyeupata mpira ule ni mzee wetu hapa kambini, aliyetengeneza magari Masisi na Goma kwa miaka mingi, na mengi ninayoandika hapa yametoka kwake. Yeye hapendi kuandika. Wale wasio madereva wasiruke ukurasa huu. Fedha zinazochangwa ni zenu pia, na ni haki yenu kumwuliza fundi amepima nini kabla ya kusema anataka nini.

INJINI INAOMBA NINI

Injini ya petroli, ile tunayoiita moteri, inaomba vitu vinne: hewa, mafuta, moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kikipungua kimoja, inalalamika. Kazi yote ya kutafuta ugonjwa ni kujua ni kipi kati ya hivyo vinne kimepungua.

Injini ikizunguka bila kukanyagwa, gari likiwa limesimama, madereva wetu husema iko kwenye ralanti. Kwa magari mengi ya aina ya hili letu (Toyota Hilux ya zamani, silinda nne, kabureta) huo ni mwendo wa mizunguko kama 700 hadi 800 kwa dakika. Wakati huo injini inavuta hewa kidogo sana na mafuta kidogo sana. Ndiyo maana kosa dogo huonekana hapo kwanza. Gari likienda kasi, hewa inayoingia kwa wizi kupitia tundu dogo si kitu mbele ya hewa nyingi inayovutwa. Kwenye ralanti tundu hilohilo linaharibu mchanganyiko wote, kama maji yaliyomiminwa kwenye sufuria ambayo unga wake ni kiganja kimoja.

Kusita kunatokea wakati mwingine, yaani pale unapokanyaga. Mlango mdogo ndani ya kabureta unafunguka, hewa inakimbilia ndani mara moja, lakini petroli ni nzito, inachelewa. Ili kuziba pengo hilo kabureta ina pampu ndogo inayorusha petroli kidogo kila unapokanyaga. Kwa hiyo ukisikia gari linasita hasa kwenye kuondoka au kwenye mlima, kumbuka pampu hiyo. Lakini usiinunue bado.

SIKILIZA, KISHA TAZAMA NYUMA

Acha injini ipate joto. Simama kando usikilize kwa dakika mbili, usizungumze na mtu. Kama mtetemo una kipimo, kama mtu anayechechemea mguu uleule, basi silinda moja haifanyi kazi. Kama sauti inapanda na kushuka bila mpango, mara inataka kufa, mara inafufuka, fikiria kwanza hewa ya wizi au mafuta.

Kisha nenda nyuma. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za vali. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni habari mbaya, na hapo usiendelee na safari. Mvuke mweupe wa asubuhi na mapema usikutishe, baridi ya huku mnaijua.

Mzee wetu ana njia moja zaidi. Hushika karatasi karibu na mdomo wa bomba la moshi. Karatasi ikisukumwa nje mfululizo, vizuri. Ikisukumwa kisha ikavutwa ndani, tena na tena, anashuku kwamba vali (supapu) moja imeungua na haifungi. Hilo halitibiwi kwa plagi wala kwa kabureta, na ni vema kulijua kabla ya kutoa faranga hata moja.

HEWA

Anza hapa, kwa sababu hapa hakuna gharama. Fungua filta ya hewa, iinue kuelekea jua. Usipoona mwanga, injini nayo haipati pumzi. Sisi tunaishi juu ya udongo wa volkano. Vumbi jeusi la lava ni kali na laini, na tangu Nyiragongo ilipomwaga lava mpaka ndani ya Goma tarehe 17 Januari 2002, na tena ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, kila anayepita barabara za pande hizi analijua. Kuanzia Juni hadi Agosti filta ya karatasi inaweza kujaa upesi kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Igongegonge taratibu, au ipulizie kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa petroli. Na usiendeshe bila filta kwa kusema itavuta vizuri. Itavuta vizuri, ndiyo, pamoja na mchanga.

Jambo la pili ni kimo cha nchi. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Kwenye kimo cha ziwa hewa imepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Ukipita mita 2,000 kwenye barabara ya Musanze, imepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Kabureta iliyopangwa pwani haijui kwamba imepanda milima, kwa hiyo huku mafuta yake yanazidi hewa. Gari linakuwa zito, linatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi. Dereva aliyenunua gari lililotoka bandarini amwambie fundi hivyo, ili kabureta irekebishwe kwa hewa ya hapa. Lakini kimo cha nchi hakichagui silinda moja. Fundi akikwambia gari linachechemea silinda moja kwa sababu ya milima, mwulize tena.

Sasa nije kwenye ule mpira. Pembeni ya injini kuna mipira kadhaa inayotoka kwenye bomba la kuingiza hewa, chini ya kabureta. Mmoja mnene unakwenda kwenye breki, mwembamba mmoja unakwenda kwenye delko, yaani kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, na mingine inategemea gari. Yote hii inavutwa na injini. Ikipasuka, injini inavuta hewa isiyopimwa na kabureta, mafuta yanakuwa machache, ralanti inavurugika na gari linasita ukikanyaga. Mpira wa zamani hukauka kama ngozi ya mbuzi iliyoachwa juani. Ukiukunja kwa vidole utaona nyufa.

Wetu haukuonyesha ufa ulipokuwa baridi. Mzee alichukua chupa ya maji yenye sabuni, akatoboa kifuniko, akawa anadondosha matone kwenye kila mpira na kwenye maungio ya kabureta huku injini ikizunguka. Tulikuwa watu kama kumi tumemzunguka. Kwenye mpira wa tano sauti ilibadilika. Akaubana kwa koleo, na injini ikatulia kabisa. Akauambia mpira, "Kumbe ni wewe." Dereva akasema, "Papa, na ile kabureta tuliyonunua?" Mzee hakujibu, aliendelea kuubana.

Nimeuliza kwa nini kabureta mpya haikusaidia. Ni kwa sababu iliunganishwa na mpira uleule. Nimeuliza pia kwa nini baada ya matengenezo yale gari lilionekana kupona kwa wiki mbili. Ni kwa sababu fundi wa mjini alikuwa amekaza skurubu ya ralanti, injini ikazunguka kwa kasi zaidi, na kasi ikaficha ugonjwa. Tulikunywa petroli nyingi wiki hizo mbili tukidhani tumepona. Ukiona fundi anakimbilia skurubu hiyo kabla ya kupima chochote, mzuie kwa heshima.

Tahadhari: watu wengine hurushia mipira petroli badala ya maji ya sabuni. Msifanye hivyo. Injini ni ya moto na cheche zipo.

Na kama unapokanyaga breki ukiwa ralanti sauti ya injini inabadilika sana, na breki yenyewe imekuwa ngumu, angalia mpira ule mnene na kifaa chake siku hiyohiyo, kwa sababu hapo si suala la kutetemeka tena.

MOTO WA PLAGI

Kama mtetemo ni wa kuchechemea, tafuta silinda iliyolala. Zima injini. Chomoa waya wa plagi moja, chomeka kwenye ncha yake plagi ya zamani, ilaze plagi hiyo iguse chuma cha injini, mbali na kabureta. Kisha washa bila kushika waya. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo zima, rudisha waya, nenda nyingine. Ukifika kwenye silinda ambayo kuchomoa hakubadilishi chochote, umempata mgonjwa. Usichomoe waya na kuuacha unaning'inia injini ikiwa inazunguka. Unaweza kupigwa na umeme, na kwenye magari yenye moto wa elektroniki unaweza kuharibu kifaa cha bei kubwa.

Itoe plagi ya silinda hiyo uisome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi au filta iliyoziba. Ikiwa imelowa petroli, moto haufiki. Ikiwa na oili, ringi au vali zinavujisha. Nyeupe kama majivu, mafuta ni machache, rudi kwenye mipira. Zile plagi zetu nne za kwanza zilikuwa nyeupe zote, na hakuna aliyezitazama, zilitupwa tu.

Kabla ya kununua, badilishana na jirani: plagi ya silinda ya pili weka ya tatu, na ya tatu weka ya pili. Ugonjwa ukihamia ya tatu, plagi ndiyo mbaya. Usipohama, rudia hivyohivyo kwa nyaya, kama urefu unaruhusu. Ukibaki palepale baada ya yote mawili, shuku mgandamizo. Jambo hili halina gharama, na linaokoa fedha kuliko yote niliyoandika.

Asubuhi za ukungu, gari likikataa au likisita kisha likapona jua likitoka, fungua kifuniko cha delko, ufute unyevu ndani kwa kitambaa kikavu, na utazame kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Usiku fungua boneti gizani injini ikizunguka: waya mbovu utaonyesha cheche ndogo za bluu pembeni yake. Magari ya zamani zaidi yana platini ndani ya delko, nazo huungua na nafasi yake hubadilika.

MAFUTA

Sote tunawajua Kadafi, wale vijana wanaouza petroli kwa vidumu na chupa upande wa Goma. Siwatukani, wengine ni jamaa zetu. Lakini petroli iliyopita kwenye vyombo vingi inaweza kuwa na maji, au imechanganywa na mafuta ya taa. Weka kidogo kwenye chupa ya kioo safi, iache itulie robo saa. Maji yatakaa chini na utauona mstari. Kwa mafuta ya taa, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, kivulini. Petroli safi hukauka upesi. Ikibaki alama ya mafuta kama karatasi ya mandazi, iache.

Kama gari lilianza kusita siku ileile ulipoongeza mafuta, usifungue kitu kingine kabla ya kupima hayo.

Baada ya hapo tazama filta ndogo ya petroli, kisha ile pampu ya kabureta niliyoitaja. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia mdomoni mwa kabureta, mtu mwingine akanyage mafuta mara moja. Uone mrusho mwembamba wa petroli, papo hapo. Usipouona, au ukichelewa, pampu hiyo imechoka au tundu lake limeziba. Mara nyingi ni kiwambo kidogo tu cha mpira ndani yake kilichokufa, si kabureta nzima. Asiwepo mwenye sigara karibu.

Kabureta nyingine zina swichi ndogo ya umeme inayofungua njia ya mafuta ya ralanti. Washa funguo bila kuwasha injini, usikilize mlio mdogo, tik. Kama hakuna mlio, waya umekatika au swichi imekufa. Dalili yake ni hii: gari linakwenda vizuri kwa kasi lakini halishiki ralanti kabisa.

Skurubu ya mchanganyiko ni ya mwisho kuguswa, baada ya yote kuwa mazima.

KWA WENYE MAGARI YA DIZELI

Ya mazutu hayana plagi za cheche wala kabureta ya namna hii, kwa hiyo nusu ya ukurasa huu haiwahusu. Kwenu mtetemo na kusita huanza mara nyingi kwenye filta yenye maji au hewa iliyoingia kwenye mabomba ya mafuta. Mwaga maji chini ya filta, kaza maungio, toa hewa kwa pampu ya mkono. Nozeli ziacheni kwa fundi: mafuta yanayotoka pale yana nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali.

Magari mapya zaidi yenye kompyuta yana tundu la kuchomekea chombo cha kusoma makosa. Marekani ililazimisha tundu la aina moja kwa magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1996. Letu ni la kabla ya hapo. Lakini hata kwa hayo, chombo husema silinda gani inakosa moto, mara nyingi hakisemi kwa nini, na mpira uliopasuka unabaki kuwa mpira uliopasuka.

MAMBO MAWILI YA HATARI

Usijaribu injini ndani ya banda au chini ya shitingi iliyofungwa pande zote, hata mvua ikinyesha. Moshi wa gari una gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaua mtu akiwa amekaa kimya, anadhani amechoka tu. Mtu akisema kichwa kinamwuma au ana kizunguzungu karibu na gari linalozunguka, mtoeni nje kwanza, maswali baadaye.

Petroli iliyobaki kwenye majaribio isiingie ndani ya nyumba, wala isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Watoto hunywa. Mvuke wake hutambaa chini kama maji na kuufikia moto wa mbabula ulio mbali, na nyumba zetu za shitingi zimekaribiana.

Mzee wetu anapatikana kila Jumanne na Ijumaa mchana, kwenye kivuli nyuma ya kituo cha maji. Hatozi kwa kusikiliza. Mwenye gari aje nalo likiwa limepoa, na aje na plagi zake za zamani kama bado hajazitupa. Chupa ya kioo ya kupimia petroli iko kwa mkuu wa kota. Anayeiazima airudishe ikiwa kavu.